Mpaka Unaokula Maharage

Jumapili, sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, mwaka uleule wafalme wawili walipotia muhuri mkataba kule Alcañices

Ni wiki mbili tangu niondoke Lamego. Naandika nikiwa Fonteseca, kijiji chenye kisima kimoja, kanisa lisilo na kengele, na nguruwe wengi kuliko watu. Naandika nyuma ya karatasi zilizoharibika za karani wetu, Bwana Estêvão. Kila akikosea neno anatupa karatasi, na kwa kuwa anabishana na karani wa Kastilia tangu asubuhi hadi jioni, karatasi sitakosa. Herufi nilifundishwa na watawa majira mawili ya baridi. Kusoma najua, kuandika najua. Kilatini kilinishinda mlangoni.

Kazi yetu ni hii. Wafalme wamechoka kupigana, au fedha za kupigania zimewaishia, sijui. Wamekubaliana mpaka upite wapi, nasi tumetumwa kusimamisha mawe pale mkataba unaposema. Makarani ni wawili, mmoja wa kila mfalme, na jiwe haliwekwi mpaka wote wawili wawe wamesimama hapohapo wanatazama. Waashi nao ni wawili. Mimi, Mendo, nachonga ngao tano za Ureno upande wa magharibi. Mkastilia mmoja aitwaye Velasco anachonga ngome na simba upande wa mashariki. Jiwe moja, nyuso mbili, na katikati yake matusi.

Limebaki jiwe moja tu, la hapa Fonteseca. Tuliapa juu ya Injili kwamba hakuna atakayeuacha mpaka kabla jiwe la mwisho halijasimama. Niliapa haraka kwa sababu supu ilikuwa inapoa.

Binti yangu Sancha anaolewa siku ya Mtakatifu Martini, siku ya kufungua divai mpya. Kwetu baba ndiye anayempeleka binti mlangoni pa kanisa na kuuweka mkono wake ndani ya mkono wa bwana harusi. Baba asipokuwepo, kazi hiyo ni ya mjomba. Na anayeuweka mkono ndiye anayempa jina mjukuu wa kwanza. Mjomba wa Sancha ni shemeji yangu Godinho, mtu anayecheka kabla hajamaliza mzaha wake, na mzaha wenyewe ni uleule wa bata bukini wa mwenye kinu. Nikikosa, mjukuu wangu ataitwa Godinho. Afadhali aitwe Bata.

Lakini nafasi ipo. Jiwe moja si kazi ya kumtoa mtu jasho la pili.

Jumatatu

Mvua.

Jumanne

Velasco kaniambia ngao zangu zinafanana na mikate iliyoangukia majivuni. Nimemwambia simba wake ana sura ya kondoo aliyepewa habari za msiba. Tumechonga kutwa nzima bila kusemezana. Mtu wa ovyo kabisa, na pia anakoroma.

Ijumaa, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko

Mkataba umesomwa mbele ya kijiji. Mpaka unatoka kijitoni, unapanda hadi Carvalho, na kutoka Carvalho unafuata mgongo wa mlima. Carvalho kwa lugha yetu ni mti wa mwaloni. Karani wa Kastilia, Bwana Nuño, nakala yake ameiandika kwa lugha ya kwao, na mwaloni wao wanauita roble, basi yake inasema Roble. Hapo wote wawili wametikisa vichwa wakaridhika: tutafute mwaloni.

Nimeinua macho nikautazama mlima. Mlima mzima ni mialoni. Hakuna kitu kingine mlimani ila mialoni, na nguruwe walio chini yake.

Bwana Estêvão amechagua mwaloni mmoja mkubwa ulio mbali mashariki, hata nikadhani tumeshaingia kwa Wakastilia. Bwana Nuño amechagua wake magharibi, mbali kiasi kwamba tumepita katikati ya kabichi za watu kuufikia. Kati ya miti hiyo miwili kipo kijiji kizima, kinu cha kusagia, na malisho yote mazuri.

Bwana Estêvão kasoma Lisboa. Hata mbwa anamfukuza kwa Kilatini. Naona fahari kumtumikia mtu kama huyu. Ataumaliza huu ugomvi kabla ya Jumapili.

Jumapili

Hakuumaliza.

Jumatatu

Mialoni.

Jumanne

Mialoni, na mvua.

Alhamisi

Leo wamepima unene wa mialoni kwa kuikumbatia. Bwana Nuño ana mikono mifupi, kwa hiyo kila mti aukumbatiao yeye unaonekana mkubwa. Bwana Estêvão amesema huo ni udanganyifu. Wakatuita mimi na Velasco tukumbatie badala yao. Nilikuwa upande huu wa mti na Velasco upande wa pili, mashavu yetu kwenye magome, vidole vyetu vinagusana, mvua inatuingia shingoni.

"Una watoto, Mreno?" akaniuliza kutoka huko nyuma ya mti.

"Binti mmoja. Anaolewa Mtakatifu Martini."

"Basi kumbatia haraka," akasema.

Ijumaa, sikukuu ya Mtakatifu Luka

Leo lazima niandike mengi.

Tunalala kwenye banda la mjane mmoja, Mama Ouroana, mwanamke mwenye sauti ya kuita mbuzi kutoka mlima wa pili. Mchana nilikuwa uani kwake nanoa patasi. Makarani walikuwa kivulini wanakula jibini, kila mmoja amempa mwenzake mgongo. Mara sauti ya Mama Ouroana ikalipuka jikoni:

"Carvalho! Toa mkono chunguni! Umeshakula maharage ya watu watatu, unataka na ya marehemu mume wangu?"

Bwana Estêvão akaacha kutafuna. Bwana Nuño akaacha kutafuna. Tulikuwa hatujaona makarani hawa wakifanya kitu pamoja.

Bwana Estêvão akaenda mlangoni. "Mama, umemwita nani?"

"Nimemwita huyu mlafi. Ndiye Carvalho. Wiki hii ni zamu yangu kumlisha, Mungu anitie nguvu."

Akatoka mzee mfupi, mpana, ana masikio makubwa na kijiko mkononi. Wanamwita Carvalho tangu ujana, eti siku moja maksai alimgonga na aliyeanguka ni maksai. Nyumba yake iliungua vitani, watoto hana. Tangu hapo kijiji kinampokea kwa zamu, wiki moja kila nyumba.

"Kwa nini hamkutuambia kwamba Carvalho ni mtu?" Bwana Nuño akauliza, uso umemwiva.

"Hamkuuliza," Mama Ouroana akasema. "Mmekuja, mkaanza kukumbatia miti. Tukasema labda ndiyo desturi ya watu waliosoma."

Velasco alicheka hadi akakalia nyundo yake.

Jumamosi

Wamemhoji. Mkataba ulipokuwa unaandikwa, wazee wawili wa Fonteseca waliitwa waseme mpaka wa zamani ulipita wapi. Mmoja amefariki. Wa pili, kumbe, ni Carvalho mwenyewe.

"Siku ile ulisemaje?" akauliza Bwana Estêvão.

"Nilisema mpaka unafika kwa Carvalho."

"Yaani kwako."

"Yaani kwangu. Ulitaka niseme kwa Papa?"

"Ulikuwa na maana ya nyumba yako?"

"Ndiyo, nilikuwa na nyumba."

"Ilikuwa wapi?"

Mzee akatazama huku na huku. Kijiji nusu yake kiliungua vitani, na magugu yameota kila mahali. Akanyoosha kidole magharibi. "Kule."

Bwana Nuño akatabasamu na kumkatia kipande cha jibini. Mzee akakila. "Au ngoja. Palikuwa na kisima karibu."

Bwana Estêvão akampa paja la kuku. Mzee akageuka mashariki. "Hapana, hapana. Ilikuwa kule. Akili za uzee hizi."

Kuku alipokwisha, nyumba ikarudi magharibi. Kufika adhuhuri nyumba ilikuwa imeshasimama kila mahali isipokuwa juu ya kanisa.

Velasco akasema, "Mabwana, futeni jina la huyu mzee, andikeni 'kisima,' kila mtu aende kwao."

Makarani wote wawili wakapiga ishara ya msalaba. Mkataba una mihuri ya wafalme wawili. Hakuna herufi inayoongezwa, hakuna inayofutwa. Umesema Carvalho, na Roble ilikuwa tafsiri ya Bwana Nuño tu, basi ni Carvalho.

"Nyumba haikuandikwa," akasema Bwana Nuño.

"Mti haukuandikwa," akasema Bwana Estêvão.

"Aliyeandikwa ni mimi," akasema mzee, akafuta kidevu.

Ndivyo ilivyoamuliwa, kwa maandishi, nakala mbili. Mpaka wa falme za Ureno na Kastilia uko pale alipo Carvalho. Siku makarani wote wawili watakapomkuta mahali na kuridhika, jiwe litawekwa hapo, na kuanzia saa hiyo jiwe ndilo mpaka na mzee ni mzee tu.

Jumanne

Juzi zamu ya Mama Ouroana ilikwisha. Mzee amehamia nyumba iliyo mashariki kabisa. Bwana Estêvão kasema jiwe liwekwe leo leo. Bwana Nuño jino linamuuma, hawezi kutoka kitandani.

Jumatano

Jino.

Alhamisi

Jino. Lakini nimemwona akivunja mfupa wa goti kwa jino hilohilo.

Jumamosi

Mzee kachoshwa na supu ya mashariki, kahamia magharibi kabla ya zamu kwisha. Bwana Nuño amepona, Mungu asifiwe, tena anataka jiwe liwekwe sasa hivi. Bwana Estêvão amefunga kula na kusema, anaomba. Hawezi kuhudhuria jambo la dunia.

Nilikuwa nadhani kusoma kunamfanya mtu aone mbali. Kumbe kunamfanya apate majina ya kuita uvivu wake.

Kijiji nacho kimechanganyikiwa. Hakuna anayetaka jiwe lisimame mlangoni pake. Mama Ouroana alimwambia Bwana Estêvão usoni: "Liwekwe hapa kwangu jiko libaki Ureno na kitanda kiende Kastilia? Niwe nalipa ushuru kwenda kulala?" Basi kila nyumba inampa mzee nyama iliyokaushwa ili asikae, aende kwa jirani. Jirani anampa soseji aendelee. Anatembea kutwa nzima, mfalme asiye na farasi, na mkanda wake ameulegeza mara mbili.

Jumatatu, sikukuu ya Mtakatifu Simoni na Mtakatifu Yuda

Amepita mwenye nyumbu kutoka Lamego na maneno ya mke wangu, Mór. Ameyasema kama alivyotumwa, hata mkono kiunoni ameuweka:

"Mwambie Mendo, Godinho amenunua kofia. Mwambie kila jioni anakuja hapa, anamshika Sancha mkono, anamtembeza hadi zizini na kurudi, eti anafanya mazoezi. Mwambie amekwisha kumchagulia mtoto jina. Mwambie Sancha halii, lakini vyungu viwili vimevunjika. Mwambie arudi."

Nimeomba ruhusa kwa Bwana Estêvão. Kaniambia kiapo ni kiapo: anayeuacha mpaka kabla ya jiwe atachapwa hadharani mjini Lamego. Nimemfikiria Sancha anaolewa mlangoni pa kanisa na mimi nachapwa upande wa pili wa uwanja huohuo. Godinho angepata mzaha mpya.

Ijumaa, Watakatifu Wote

Mvua. Mimi na Velasco tumetengeneza mpango. Naandika "tumetengeneza" kwa sababu wake ulikuwa nusu, na ilikuwa nusu nzuri.

Kisima kiko katikati ya kijiji. Si magharibi, si mashariki. Mama Ouroana akapika maharage na sikio la nguruwe, akamketisha mzee kisimani na chungu kizima. Mimi nikaenda kwa Bwana Estêvão nikamwambia Mkastilia anataka kuweka jiwe kwa siri. Velasco akaenda kwa Bwana Nuño akamwambia Mreno anataka kuweka jiwe kwa siri. Wakaja mbio wote wawili, mmoja na kiatu kimoja. Jiwe lipo juu ya sleji, lile gari la kuburuta lisilo na magurudumu, maksai wamefungwa, shimo limechimbwa. Mzee anakula. Bwana Nuño akatazama huku, Bwana Estêvão akatazama kule. Walikuwa karibu kukubali, naapa, niliona.

Mzee akaweka kijiko chini. "Samahani, mabwana. Maharage." Akakimbilia nyuma ya ua.

"Mpaka umehama," akasema Bwana Nuño.

"Tena umehama kwa faida yetu," akasema Bwana Estêvão. "Ua uko mashariki ya kisima."

Tukangoja. Mpaka ulikaa huko muda mrefu, tukiusikia. Uliporudi, makarani walikuwa wameshakunjiana ngumi na shimo limejaa maji.

Velasco amenigawia divai yake. Mkoromo wake siusikii tena, au nimeuzoea. Simba wake pia, ukimtazama kwa pembeni wakati wa jioni, ana sura ya simba.

Jumamosi, Marehemu Wote

Nimewaombea marehemu. Nimejizuia kuwaombea makarani miongoni mwao.

Jumanne

Mwenye nyumbu amerudi kutoka mashariki. Anasema wasafiri waliotoka magharibi wamemwambia kwamba mto Côa, ambao lazima niuvuke kwenda kwetu, unapanda. Mvushaji ametangaza kwamba baada ya Alhamisi anapandisha chelezo chake nchi kavu, na hakishuki tena hadi Krismasi. Kutoka hapa hadi Côa ni mwendo wa siku mbili kwa miguu yangu. Maana yake nisipoondoka kesho, siondoki.

Jioni nilimkuta mzee amekaa peke yake penye ngazi za kanisa, anamenya kitunguu. Sikuwa na jibini wala kuku. Nikaketi.

"Mzee Carvalho," nikamwambia, "mimi nataka jiwe lisimame kesho. Sijali wapi. Lisimame hata juu ya kichwa changu."

"Wote mnataka lisimame," akasema. "Mimi sitaki."

"Kwa nini?"

Akamenya kitunguu hadi kikabaki kidogo. "Tangu nyumba yangu iungue, mimi ni mzee wa zamu. Unajua zamu ni nini, fundi? Ni kuamka Jumatatu na kuona uso wa mwenye nyumba unahesabu hadi Jumapili. Wananipenda, sikatai. Lakini hakuna aliyeniuliza neno hata moja. Sasa watu wawili wenye mihuri wananiuliza, 'Mzee, leo utakaa wapi?' Jiwe likisimama, nani ataniuliza tena?"

Siku zote hizi nilimwona mlafi na mjanja. Nikamwambia basi ya kwangu: Sancha, mlango wa kanisa, mkono, mjukuu, Godinho na bata wake. Nilimweleza na mzaha wenyewe.

"Si mzaha mbaya," akasema.

"Msikie mara mia."

"Kuna divai?"

"Ni siku ya kuifungua."

"Mgeni akifika, anakaa wapi?"

"Akiwa mgeni wangu, anakaa karibu yangu. Mimi ni baba wa bibi harusi."

"Si kwa zamu?"

"Mzee, kwenye harusi mgeni hakai kwa zamu. Anakaa hadi achoke."

Akakitazama kile kitunguu. Akakila. "Hakuna aliyewahi kunialika harusi ya mtu nisiyemjua," akasema. "Tunaondoka saa ngapi?"

Jumatano

Sikumwalika kwa hila. Naliandika hili mbele ya Mungu, kwa sababu Velasco hataki kuniamini.

Alfajiri mzee alitokea na fimbo na furushi, amenawa uso, akashika njia ya kwenda magharibi. Mimi nilikuwa pembeni yake. Mama Ouroana akatuona.

"Baba Sancha, mnampeleka wapi huyo?"

"Lamego," mzee akajibu kwa niaba yangu. "Nimealikwa."

Mama Ouroana akasimama na ndoo mkononi. Akamtazama mzee, akatazama njia. Halafu akacheka kwa ile sauti ya kuita mbuzi, na kijiji kizima kikaamka, na makarani pia.

Bwana Nuño alifika wa kwanza. Ilimchukua muda kidogo kuelewa. Alipoelewa, uso wake ukang'aa kuliko siku ile alipopona jino. "Anakwenda Lamego? Basi mpaka unakwenda Lamego! Tembea, mzee wangu, tembea! Mpeni mkate wa njiani!"

Bwana Estêvão akaja anakimbia, joho amelikunja hadi magotini. "Simama! Kwa jina la mfalme, simama! Hapo ulipokanyaga palikuwa Ureno!"

Mzee akapiga hatua nyingine.

"Na hapo!"

Nyingine.

"Mendo! Mzuie! Uliapa hutauacha mpaka!"

"Siuachi, Bwana," nikasema. "Ndio huu natembea nao."

Hapo Velasco akanipita na maksai na sleji na jiwe juu yake, anawachapa wanyama kama mtu anayewahi moto. "Usimsimamishe bado," akanong'ona. Kisha kwa sauti kubwa, "Na baada ya harusi, mzee? Utarudi?"

"Sina haraka," akasema mzee, bila kugeuka. "Kwaresima nitaimalizia huko. Pasaka nina mtoto wa dada yangu Salamanca, kila mwaka nasema nitamtembelea."

Tabasamu la Bwana Nuño likakauka. Salamanca iko ndani kabisa ya nchi yao, na maaskofu wake na masoko yake.

"Salamanca?" akasema.

"Anauza ngozi. Ana vyumba viwili. Naweza kukaa huko hata mwaka."

Makarani wakatazamana. Mmoja aliiona Ureno yote hadi Lamego inamezwa na Kastilia kabla ya divai kufunguliwa. Mwingine aliiona Kastilia hadi Salamanca inakuwa Ureno wakati wa Pasaka.

"Simama, mzee!" wakasema pamoja. Sauti moja, neno moja, kwa mara ya kwanza tangu Mtakatifu Mikaeli.

Mzee akasimama. Palikuwa pale njia inapotoka kijijini, kati ya zizi la nguruwe na tanuri la kijiji la mikate. Si mbali kwa yeyote wala si karibu. Kinu kilibaki Ureno, malisho ya juu yakaenda Kastilia, na nguruwe wakabaki wanakula upande wowote wanaotaka. Mimi na Velasco hatukungoja wafikiri. Tulichimba kama watu wanaozika deni. Mzee alisimama palepale, ameshika furushi, amenyoosha mgongo, na watu wote wamemzunguka. Hakuna aliyehesabu siku zake.

Bwana Estêvão akauliza kwa upole, "Mzee Carvalho, unaridhika na mahali hapa?"

Mzee akachukua muda wake. Mvua ilikuwa inatunyeshea wote, makarani wakitetemeka, naye akatazama kulia, akatazama kushoto, akasugua ardhi kwa kisigino.

"Sogezeni kidogo," akasema. "Mmenikanyagia kidole."

Tukasogeza. Jiwe likasimama. Ngao zangu magharibi, simba wa Velasco mashariki, anamtazama nguruwe. Makarani wakaandika, wakatia muhuri, na kwa mara ya kwanza sikupata karatasi iliyoharibika. Hii niliyoandikia nimemwomba Bwana Estêvão, naye amenipa mpya, akaniambia niipeleke kwa binti kama baraka. Si mtu mbaya. Amesoma tu.

Velasco alitusindikiza hadi mteremkoni. "Nenda, Mreno," akasema. "Na huyo mtoto asiitwe Godinho." Nikamwambia simba wake ni simba. Akanitazama muda mrefu akitafuta tusi ndani yake, hakuliona, akageuka akaenda zake.

Alhamisi, ng'ambo ya Côa

Tumevuka. Maji yalikuwa yanakwenda na magogo, na mvushaji hakutaka kupakia mtu zaidi ya watu wa lazima. Nikamwambia mimi ni baba wa bibi harusi. Akanikubali. Akamgeukia mzee.

"Na wewe ni nani?"

Nilidhani atasema yeye ni mpaka. Amelisema hilo kwa kila mtu tuliyekutana naye wiki hizi zote, hata kwa mbuzi. Mzee akavuta tumbo ndani, akapanga furushi begani.

"Mimi ni mgeni wake," akasema.

Mvushaji akampa nafasi katikati, pasipo na maji.

Sasa amelala karibu na moto, miguu yake inafuka mvuke. Mwenye nyumbu, aliyevuka kabla yetu, anaondoka alfajiri na atatutangulia, kwa hiyo karatasi hii nampa yeye. Mór, msomee Sancha mwenyewe, Godinho asiisome. Mwambie asivunje chungu kingine. Tutafika Jumapili, mkesha wa Mtakatifu Martini, jua likiwa bado juu, na asubuhi yake nitampeleka mlangoni mwenyewe.